Maswali ya Wasomaji: Udi wa Marehemu Kaka na Barua Nyingine za Wanaoanza

Mwezi huu tumechagua barua tano za wasomaji wanaojifunza, au wanaotaka kujifunza, ala za nyuzi. Majibu yameandikwa na mwalimu wetu wa muziki, ambaye anafundisha udi Unguja.

Udi uliotundikwa miaka 6

*Mwalimu, shikamoo. Mimi ni mama wa miaka 52, mkazi wa Tanga. Marehemu kaka yangu aliniachia udi aliokuwa akiupiga harusini, nao ulitundikwa ukutani miaka 6 bila ya kuguswa. Mwaka huu nimeushusha nikaanza kujifundisha mwenyewe. Nikikaza nyuzi asubuhi, jioni zimeshalegea. Nikipiga, sauti inakwaruza. Vidole vya mkono wa kushoto vinaniuma hata kukuna nazi nashindwa, na wanangu wananiambia umri umepita. Je, ni kweli nimechelewa? Na kama sijachelewa, nianzie wapi?*

Marahaba, dada yangu. Mungu amrehemu kaka yako. Hujachelewa, na ningependa wanao wasome jibu hili pamoja nawe. Nimewafundisha watoto wa shule ya msingi na nimewafundisha watu waliokwisha kustaafu, na tofauti niliyoiona ni kwamba mtoto ana vidole vyepesi, lakini mtu mzima huja na masikio yaliyokwisha kujaa nyimbo. Wewe umekulia Tanga, mji uliotupa vikundi vya taarabu vya Black Star na Lucky Star, umekaa kwenye harusi na maulidi tangu udogoni, na mwimbaji akitoka nje ya sauti unakunja uso kabla hata hujajua kwa nini. Huo ni mtaji mkubwa kwa anayeanza udi, kwa sababu udi hauna freti, ile mistari ya chuma iliyopigiliwa kwenye shingo ya gitaa. Shingo ya udi ni laini kutoka juu hadi chini, na kidole kikikosea kwa upana wa punje ya mchele sauti nayo inakosea, wala hakuna cha kukusahihisha ila sikio lako.

Tuanze na ala yenyewe, maana naamini nusu ya shida unazozieleza si zako bali ni za udi uliokaa muda mrefu. Legeza nyuzi zote, kisha uulaze udi mezani penye mwanga. Tazama uso wake, yaani ule ubao mwembamba wa mbele, ambao unene wake ni kama milimita 2 tu, uone kama umepasuka au umebonyea. Halafu tazama daraja, kile kipande cha mti kilichogandishwa usoni ambako nyuzi hufungwa. Chukua karatasi ya daftari ujaribu kuipenyeza chini ya daraja kwa upande wa nyuma; ikipita, usikaze uzi hata mmoja mpaka fundi agandishe upya, kwa sababu daraja likibanduka huku nyuzi zimekazwa huondoka na kipande cha uso. Kama viko salama, zitoe nyuzi zote za zamani. Uzi uliokaa miaka 6 karibu na bahari umekufa. Nyuzi nene zilizozungushiwa waya huwa zimeshika kutu, na hicho ni chanzo kimojawapo cha mkwaruzo unaousikia.

Kabla ya kwenda dukani, chukua rula upime kutoka kizingiti, yaani kile kipande cha mfupa au plastiki kilicho mwisho wa shingo karibu na vigingi, mpaka kwenye daraja. Ukipata karibu sentimita 61, huo ni udi wa Kiarabu. Ukipata karibu 58 na nusu, ni wa Kituruki. Seti za nyuzi huuzwa kwa aina hizo mbili, nazo hazibadilishwi ovyo, kwa kuwa udi wa Kituruki kwa kawaida hulinganishwa toni moja juu zaidi, na nyuzi zisizokuwa zake zitakulegea mno au zitakaza mno.

Kuhusu nyuzi kulegea jioni, lawama iko kwenye vigingi. Hivyo ni vipande vya mti vinavyoshikiliwa na mbano peke yake, na hewa ya mwambao huvifanya vivimbe wakati wa masika na visinyae wakati wa jua. Vuta kigingi nje, kipanguse, utaona duara mbili zinazong'aa pale kinapogusana na kichwa cha udi. Kikiwa kinateleza, pakaa chaki ya shule kwenye duara hizo. Kikiwa kinakwama na kuruka, sugua kipande cha sabuni kavu. Kisha unapokaza, kizungushe huku ukikisukuma ndani, kama mtu anayerudisha kizibo kwenye chupa. Watu wengi wanaoanza huzungusha bila ya kusukuma, na kigingi kinarudi nyuma mara wanapogeuka. Jua pia kwamba nyuzi mpya hunyooka kwa wiki nzima ya kwanza, kwa hiyo kuzilinganisha mara tano kwa siku katika wiki hiyo ni jambo la kawaida. Na udi usiutundike tena ukutani mkabala na dirisha. Uweke ndani ya mfuko wake, mahali ambapo jua halifiki na feni au kiyoyozi hakiupigi moja kwa moja.

Sasa zihesabu nyuzi. Udi wako huenda una nyuzi 11: mmoja mnene wa peke yake, na jozi tano. Kwa mtindo wa Kiarabu unaotumika sana, kutoka uzi mnene hadi mwembamba huwa do, fa, la, re, sol, do. Programu ya simu ya kulinganishia nyuzi itakusaidia, na sikukatazi kuitumia, ila nakuomba ufuate utaratibu mmoja ambao mwalimu wangu wa kwanza alinifuatilia mpaka ukawa tabia. Piga uzi mmoja wa jozi huku umemnyamazisha mwenzake kwa kidole, ulinganishe kwa simu, kisha weka simu mbali. Mwachie yule wa pili na uzipige nyuzi zote mbili pamoja. Utasikia sauti inayotetemeka, inavimba na kunywea kama taa ya umeme hafifu. Kaza polepole, na utasikia mtetemo ule ukipunguza mwendo, kisha ukawa wimbi moja refu, kisha ukatoweka na nyuzi mbili zikawa kama uzi mmoja. Ukishalisikia tukio hilo mara moja hutalisahau, na siku hiyo utakuwa umejifunza kitu kikubwa zaidi ya wimbo wowote.

Kukaa. Chagua kiti kisicho na mikono, chenye urefu wa kukufanya mapaja yawe sawa na sakafu. Tumbo la udi ni la duara na huteleza, hasa juu ya kanga, kwa hiyo tandika kitambaa chenye mpira chini yake, wa aina ile inayowekwa chini ya zulia, na mguu wa kulia uinue kidogo juu ya kigoda. Uso wa udi utazame mbele, wima. Kila anayeanza huulaza udi ili avione vidole vyake, na kwa kufanya hivyo huvunja kifundo cha mkono wa kushoto na kujitafutia maumivu. Vidole hutaviona. Utavisikia.

Risha, yaani kile cha kupigia nyuzi, ambacho zamani kilikuwa unyoya wa tai na sasa mara nyingi ni kipande kirefu cha plastiki, hushikwa kati ya kidole gumba na cha shahada, na mwili wake uliobaki hulala ndani ya kiganja. Gonga uzi nayo kati ya daraja na lile tundu kubwa la urembo. Ukisogea karibu na daraja sauti huwa kali na yenye kukwaruza, na hilo huenda ni chanzo cha pili cha tatizo lako. Kwa wiki tatu za mwanzo piga kwa kushuka tu. Risha ianguke kwa uzito wa mkono, ipite kwenye jozi, ikapumzike juu ya jozi inayofuata. Mapigo ya kupanda yatakuja baadaye, nayo yatakuwa mepesi kwa kuwa kushuka kutakuwa kumekomaa.

Tuje kwenye vidole vinavyouma. Kata kucha za mkono wa kushoto, kisha fanya zoezi hili. Weka kidole juu ya uzi bila ya kubonyeza, upige. Utasikia sauti iliyokufa. Ongeza uzito kidogo, piga tena. Ongeza kidogo tena, piga. Pale sauti itakapofunguka ikawa safi, simama. Huo ndio uzito unaotakiwa, na utashangaa ulivyo mdogo. Watu wazima hubonyeza udi kana kwamba utawakimbia, na gumba lililo nyuma ya shingo hukaza kama koleo. Ncha za vidole zitauma kwa wiki chache hata ukifanya vizuri, na hilo halina madhara. Ila maumivu yakiwa kwenye kifundo, kwenye gumba au yakipanda kwenye mkono, acha siku hiyo, na uangalie tena jinsi unavyokaa.

Wapi pa kuanzia muziki wenyewe? Mimi huwaanzishia wanafunzi makamu, yaani mpangilio wa sauti ambao wimbo hujengwa juu yake, ya Bayati, ingawa walimu wengine huanza na Rast, nao wana hoja zao. Bayati huanzia re, na jozi yako ya re iko wazi, tayari. Sababu yangu ya pili ni kwamba watu wa mwambao wameisikia Bayati maisha yao yote bila ya kuijua kwa jina: wasomaji wengi wa Kurani wa mtindo wa Misri huanza kisomo chao kwa makamu hiyo na huirudia wanapomaliza. Sikio lako linaijua njia, linahitaji tu kuoneshwa mlango.

Kwa udi wa sentimita 61, fanya hivi. Piga re ikiwa wazi. Weka kidole cha shahada kwenye jozi hiyo hiyo, kama sentimita 5 kutoka kizingiti. Hiyo ni mi ya Bayati. Weka kidole cha pete kama sentimita 9 na nusu au zaidi kidogo. Hiyo ni fa. Kisha piga jozi inayofuata ikiwa wazi, nayo ni sol. Hizo sauti nne zinakutosha kwa wiki mbili. Angalia ile ya pili. Mi ya piano ingekuwa karibu sentimita 6.7, na mi iliyoshushwa nusu toni ingekuwa 3.4; mi yetu inakaa katikati, mahali ambapo piano haina ufunguo. Programu ya simu, ambayo imepangwa kwa sauti 12 za piano, itakuonyesha alama ya kukosea kila utakapoipiga vizuri. Usiiamini hapo. Hata kipimo changu cha rula ni cha kukufikisha mtaani tu. Nyumba yenyewe utaitambua kwa kuimba.

Hapo nimefika kwenye jambo ninalotaka ulishike kuliko mengine yote: imba kwanza, kisha tafuta. Mwalimu wangu alinikataza kugusa udi kwa siku 12. Nilikwenda kwake Malindi kila baada ya alasiri, nikakaa sakafuni, yeye akapiga sauti moja nami nikaiimba, akapiga mbili nami nikaziimba, na siku za mwanzo nilidhani ananipotezea wakati. Siku ya 13 aliponikabidhi udi, kidole changu kilikuwa kinajua kinachotafuta. Wewe huna haja ya kusubiri siku 12, lakini usiweke kidole kwenye uzi kabla ya kuitoa sauti hiyo kinywani mwako, hata kwa kunong'ona. Chagua kasida uliyoijua tangu chuoni, au wimbo wa kubembelezea watoto, wenye sauti nne au tano tu, uuimbe, kisha uutafute sauti kwa sauti.

Fanya mazoezi dakika 20 asubuhi na 20 jioni. Saa tatu za Jumapili moja hazifikii siku sita za dakika 20, kwa kuwa vidole hujifunza kwa kurudia na kupumzika. Ukienda hivyo, baada ya miezi mitatu utapiga kasida moja kwa sauti safi, na baada ya mwaka utaweza kumfuata mwimbaji kwa nyimbo za polepole. Tafuta pia mpigaji wa zamani hapo Tanga, akuangalie japo mara mbili kwa mwezi. Huenda wenzake marehemu kaka yako wangali hai, na wataufurahia udi ule kuusikia tena.

Je, nota ni lazima?

*Assalaam aleikum, Mwalimu. Nina miaka 24, naishi Muscat, asili ya wazazi wangu ni Unguja. Nimejifunza udi kwa video za kwenye simu kwa mwaka na nusu. Nikiwa peke yangu napiga vipande vya kasi bila ya shida, lakini nikikaa na wazee wanaopiga taarabu kwenye shughuli zetu, napotea. Mmoja ameniambia nikasome nota. Je, ni lazima?*

Waalaikumu salaam, mwanangu. Nota ni nzuri, na kwa udi zina hata alama yake ya ile sauti ya katikati isiyo na ufunguo kwenye piano, niliyoieleza katika jibu la kwanza, ambayo ni alama ya kushusha iliyokatwa kwa mstari. Zisome, zitakusaidia kuhifadhi bashrafu ndefu, vile vipande vya ala visivyo na uimbaji, na kuzungumza na wapigaji wa fidla. Lakini sidhani kama ndizo dawa ya ugonjwa unaoueleza.

Video imekufundisha vidole viende wapi. Haikukufundisha kusubiri. Katika kundi, mwimbaji anaweza kuanza kwa sauti ya chini kuliko uliyoizoea, mpiga dumbak, ile ngoma ndogo ya mkono, akavuta mwendo, kanuni, ile ala ya nyuzi nyingi inayolazwa, ikaongeza kipande ambacho hukukitarajia, na mtu aliyehifadhi vidole hana pa kushika. Weka udi chini kwa mwezi mmoja kila unapokutana na wazee hao, na badala yake piga makofi. Sikiliza dumbak: sauti nzito ya katikati ya ngozi, dum, na sauti kali ya ukingoni, tak. Ule mwendo wa mapigo manane unaosikika sana katika muziki wa Misri huenda dum-tak, kimya, tak-dum, kimya, tak, kimya. Ukiweza kuupiga kwa makofi huku unaongea na jirani yako bila ya kuuharibu, ndipo uushike udi, na kwa mara ya kwanza upige sauti moja tu, ile ya mwanzo wa makamu, penye kila dum. Utaona kuwa hupotei tena.

Kisha sikiliza kwa utulivu rekodi za Zein l'Abdin, mzaliwa wa Lamu aliyefanya kazi yake kubwa Mombasa mpaka alipofariki mwaka 2016. Alikuwa akiimba na kujipigia udi mwenyewe. Usitafute mbio zake. Sikiliza jinsi udi unavyonyamaza anapotamka beti, kisha unavyoijibu sauti yake pale pumzi inapokatika. Chukua jibu moja fupi, lipunguze mwendo kwa simu mpaka nusu, liimbe, kisha litafute kwenye udi. Jibu moja kwa wiki ni kazi kubwa.

Nadi Ikhwan Safaa, klabu ya taarabu ya hapa Unguja, ilianzishwa mwaka 1905, na vijana wengi waliopita katika vilabu vyetu tangu wakati huo walijifunza kwa kukaa pembeni ya mpigaji mkubwa na kumtazama. Wewe una bahati ya kuwa na wazee hao Muscat. Wachukulie kahawa, na ukae nao jioni.

Gitaa kwa mtoto wa miaka 9

*Mwalimu, salaam. Mwanangu wa kiume ana miaka 9 na anataka gitaa. Tuko Morogoro. Nimeona gitaa la umeme la bei nafuu, lakini rafiki yangu anasema mtoto aanze na kinanda. Unashauri nini?*

Mzazi mwenzangu, mtoto aanze na ala anayoitaka. Hamu yake ndiyo itakayombeba katika wiki zile ngumu, na huwezi kuihamishia kwenye kinanda.

Ila usinunue lile la umeme. Mnunulie gitaa dogo la mti, la ukubwa wa robo tatu au nusu, lenye nyuzi za nailoni, ambazo ni laini kwa vidole vya mtoto kuliko za chuma. Freti zitamwekea sauti mahali pake, kwa hiyo atapata raha ya wimbo mapema zaidi kuliko mwenzake wa udi. Nyuzi zake sita, kutoka mnene, ni mi, la, re, sol, si, mi, na umfundishe kuzilinganisha yeye mwenyewe tangu wiki ya kwanza. Mzazi anayemlinganishia mtoto gitaa kila siku anamnyima somo muhimu.

Naomba pia umsikilizishe gitaa la kwetu kabla hajazoea kudhani kwamba gitaa ni la kukwaruza nyuzi zote sita kwa pamoja. Mwaka 1952 Hugh Tracey, mtafiti wa muziki wa Afrika, alimrekodi kijana mmoja huko Jadotville, mji ambao leo unaitwa Likasi katika Congo. Alikuwa Mwenda Jean Bosco, aliyeimba kwa Kiswahili cha kwao na kupiga kwa gumba na kidole cha shahada tu, gumba likitembea chini kwenye besi na shahada ikichota wimbo juu, hata msikilizaji akadhani wako wawili. Mtoto wa miaka 9 anaweza kuanza njia hiyo kwa namna nyepesi sana: gumba likipiga la na mi nzito kwa zamu, kama hatua za mtu anayetembea, na shahada ikigusa uzi mmoja mwembamba katikati ya hatua. Na kwa kuwa mko Morogoro, sina haja ya kukukumbusha mpiga gitaa Mbaraka Mwinshehe na bendi ya Morogoro Jazz. Mtoto ajue kwamba gitaa kubwa lilipigwa mjini kwake.

Mkono wa kushoto

*Mwalimu, shikamoo. Binti yangu hutumia mkono wa kushoto kwa kuandika na kwa kila kitu. Je, nimgeuzie nyuzi za udi? Mama wa Mombasa.*

Marahaba, mama. Usigeuze. Ndani ya uso wa udi mna mbavu ndogo za mti zilizopangwa na fundi, na vigingi navyo vimewekwa kwa mpangilio wa nyuzi zake, kwa hiyo kugeuza nyuzi peke yake hakutoshi. Kwenye udi kazi ya sauti iko mkono wa kushoto, na mwanzoni bintiyo atakuwa na wepesi ambao wenzake hawana. Mwache ajaribu kwa kawaida miezi mitatu, na kama mkono wa kulia umegoma kabisa kushika risha, ndipo mtafute fundi wa kumtengenezea udi wa mkono wake.

Nitajuaje udi mzuri dukani?

*Mwalimu, habari za kazi. Niko Dar es Salaam na ninajiandaa kununua udi wangu wa kwanza. Nimeonyeshwa mmoja uliopambwa kwa vipande vya lulu kila mahali, unapendeza sana, na mwingine usio na pambo lolote kwa bei hiyo hiyo. Nichague upi, na niangalie nini?*

Ahsante kwa swali lako. Kama bei ni moja, fedha ya ule wa kwanza imekwenda kwenye mapambo. Udi mwingi wa namna hiyo hutengenezwa ili upambe sebule, uso wake ni mnene na umepakwa vanishi nzito, na ukiupiga sauti inabaki ndani. Nakushauri uelekeze macho yako kwa ule usio na pambo, ingawa nao usiununue kabla ya kuukagua.

Uinue udi mpaka usawa wa jicho, utazame shingo kutoka kwenye kizingiti kuelekea kwenye daraja, kama seremala anavyotazama ubao. Shingo iwe imenyooka; ikiwa imeinama mbele, achana nao, kwa sababu matengenezo yake ni ya gharama. Kisha pima nafasi kati ya nyuzi na shingo pale shingo inapokutana na tumbo. Milimita 3 ni sawa. Ikiwa ni 5, utabonyeza mpaka uchoke na sauti itapanda kila unapobonyeza. Zungusha vigingi vyote mmoja mmoja, uone kama vinakwenda bila ya kuruka. Gonga tumbo taratibu kwa ncha ya kidole, mbavu kwa mbavu, na ukisikia mlio wa kitu kilichoachana, kuna mahali gundi imeachia.

Mwisho, usiende peke yako. Mwombe mpigaji mmoja akusindikize. Kwa Unguja, Chuo cha Muziki cha Nchi za Jahazi, kilichoanzishwa Mji Mkongwe mwaka 2002, kimelea wapigaji wengi wa udi, na baadhi yao hufika Dar es Salaam kwa shughuli za muziki. Akishalinganisha nyuzi, mpe kiti, wewe nenda ukasimame mlangoni mwa duka, umpe mgongo, na umwombe apige kipande kimoja cha polepole kwa kila udi bila ya kukwambia ni upi. Ule ambao sauti yake inakufikia pale ulipo ikiwa bado nene, huku kelele za barabarani zinapita, huo ndio ulipie.